Puli Iliyokula Mikanda

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, hapa Bunia mtaa wa Lumumba, nilipoingia gereji kwa maringo, nimeinua juu mkanda mpya wa gari. Nilikuwa msichana pekee aliyeshika spana mtaa mzima, na nilijiona. Mpaka leo najiona, usinicheke.

Gari lilikuwa pikapu ya shemeji yangu Deziré. Dada yangu, mkewe, alikaribia kujifungua. Risasi zilianza kusikika pembeni mwa mji, na siku hiyohiyo alipaswa kufikishwa Boga kwa mama yetu. Lakini alteneta haikuchaji betri. Mkanda unaoizungusha ulipiga kelele na kuteleza, nasi mafundi wa Bunia tulikuwa na dawa yetu: kuumwagia soda ili unate, usiponata kununua mwingine. Betri ikiisha, watu wasukume. Sasa nani atasukuma mbele ya bariere? Kila kizuizi wenye bunduki walikuamuru uzime injini, na gari lisilowaka tena lilibaki kuwa lao. Abiria wake, Mungu ndiye ajuaye.

Muzee Yakobo, fundi aliyenifundisha kazi, aliutazama mkanda wangu, hakuupokea.

"Weye mutoto, hii mukaba ni ya tatu. Unalisha tu, haujauliza nani iko nakula."

"Mikaba ya soko ni mibaya, Muzee."

"Tia kidole mu puli."

Puli ni lile gurudumu dogo la chuma kichwani mwa alteneta, lenye mfereji ambamo mkanda unakaa. Nikatia kidole. Chini ya mfereji paling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Akanieleza kwamba mkanda hushikwa na kuta za pembeni, haupaswi kugusa chini. Kuta zikilika, mkanda huzama, huteleza, huungua. Nilifurahi hata nikasahau aibu, maana nilikuwa nimeelewa kitu.

Niliishusha alteneta, lakini nati ya puli ilikataa kufunguka, kwani kila nikivuta spana puli nayo ilizunguka. Nikaizungushia puli mkanda wa zamani, nikaubana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, ndipo nati ikalegea. Puli nyingine nikaitoa kwenye gari lililokufa nyuma ya gereji, yenye mfereji wa upana uleule. Nikaifunga, nikairudisha alteneta garini, kisha nikavuta uzi toka puli ya injini hadi ya alteneta kuona kama zimenyooka. Yangu ilitokeza nje kwa unene wa njiti ya kiberiti.

"Acha hivyo, tuende!" shemeji akafoka. "Weye iko kichwa nguvu!"

Haraka haraka haina baraka, nikamjibu. Nikafungua tena, nikatoa washa moja, ile pete bapa iliyokaa nyuma ya puli, nikafunga.

Nilipanda nao. Bariere ya kwanza ilikuwa katikati ya kilima. Kijana mwenye bunduki akagonga boneti.

"Zima motere! Bote mushuke!"

Tukashuka. Dada alijishika kiuno. Walipopekua na kukosa walichotaka, wakasema twende. Shemeji alinitazama kabla ya kugusa ufunguo. Akazungusha, na gari likawaka papo hapo. Nililia, mwanangu, sikujali nani ananiona. Boga, mtoto alipozaliwa, shemeji aliwaambia wageni wote kwamba aliyewafikisha ni mimi, wala hakupunguza sauti.

Basi sikia. Kitu kikiharibika mara moja, kitengeneze. Kikiharibika tena palepale, acha kununua kingine. Tia kidole, utafute kinachokila. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika vita vile tulibadilishiwa wakubwa wa mji kama mikanda, na hakuna aliyetia kidole. Na ukishajua kazi yako, usiionee haya. Vyaelea vimeundwa, na aliyeunda aseme, "Ni mimi."

Mungu akupe macho ya kuona kilichochakaa, na moyo wa kufungua tena hata wanaokupenda wakikufokea. Kila barabara ikupeleke salama, na ikurudishe kwa watu wako.