Fundi wa Lizaboni na Pikapu ya Nyanya

Fundi magari wa mtaa wa Lizaboni hatengenezi kitu kabla hajamtukana fundi aliyemtangulia. Devota, mwenye pikapu kuukuu iliyogoma kuwaka huku nyanya zake zikiozea humo nyuma, alimtazama akigonga betri kwa bisibisi na kutega sikio kama daktari. Vidole vyake vinene, vyeusi kwa grisi, vikavuta waya wa betri uliofungwa kwa kipande cha kanga.

“Mjinga gani kafanya uchafu huu?” akafoka. “Huyo anyang'anywe spana!”

“Ni wewe, juzi!” Devota akasema. “Na kanga uliichana yangu!”

Fundi akasonya, haya hana hata chembe. “Basi umeona mwenyewe, dada. Kanga yako feki.”

Devota akapanda nyuma ya pikapu, akachagua nyanya iliyooza kuliko zote.