Kanda ya Kwaya ya Usevya

Nikikuambia haya yalinitokea saa tisa mchana, jua la mwezi wa nane linachoma mabati, utasema nilisinzia. Sikusinzia. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Misunkumilo, Mpanda, gauni la mteja liko chini ya sindano. Pombe sinywi, na siku hiyo sikuwa na malaria. Nisikilize tu.

Mimi nina kanda, zile za kucheza kwenye redio kaseti. Zimejaa kabati zima la vyombo, vyombo vyenyewe vinalala kwenye beseni. Binti yangu Neema hunicheka: "Mama, nyimbo zote hizi ziko kwenye simu, tena hazikwaruzi." Kweli ziko. Lakini kwenye simu nitaukuta wapi mwandiko wa marehemu kaka yangu, "Usimwazime mtu"? Halafu kwenye simu wimbo ukikuchosha unauruka. Kwenye kanda uliuvumilia, ukauzoea, siku moja ukajikuta unauimba jikoni.

Sasa, Mzee Kasomo, mkulima wa mpunga wa kule Usevya ambaye namshonea yeye na familia yake, aliniletea katoni ya kanda. "Chukua wewe unayezipenda," alisema, "kwangu panya watazimaliza." Moja haikuwa na maandishi yoyote. Nilipoicheza nikasikia kwaya ya kijijini, imerekodiwa sebuleni kwa mtu, jogoo anawika katikati ya wimbo. Nikaitoa hata dakika mbili hazijaisha.

Wiki hiyohiyo redio ikala kanda yangu ya dansi, ile niliyoipenda kuliko zote. Nikaamua nirekodi dansi ile upya kutoka kwenye simu, juu ya ile kwaya, maana kanda tupu siku hizi utazipata wapi? Aliyeirekodi kwaya alikuwa amevunja vile vizuizi viwili vya plastiki vya juu ya kanda, yakabaki matundu, ili mtu asije akaifuta. Nikakunja vipande vya karatasi, nikaziba matundu. Nikaiweka kwenye redio, nikafunga kifuniko. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe chekundu cha kurekodia.

"Hodi, mama."

Mlangoni alisimama msichana wa miaka ishirini na kitu, kitenge kimepauka. Miguu yake ilikuwa na matope mabichi mpaka kwenye ugoko, kama mtu aliyetoka kupandikiza mpunga. Mwezi wa nane, kiangazi hiki! Nikajiambia, labda anatoka kufyatua tofali.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nguo?"

"Hapana, mama. Naomba niisikie kanda yetu kabla hujaifuta."

Nani alimwambia? Niamini, sikuwa nimemwambia mtu, hata Neema.

Nilimsogezea kigoda, akakiacha, akaketi sakafuni karibu na redio. Nikaicheza. Kwaya ilipoanza, naye akaanza, polepole, sauti ya pili. Hakukosea hata neno. Sauti ya redioni na ya mdomoni mwake zilikuwa moja, sikuweza kuzitenganisha. Kisha wimbo ukakatika, na mwanamume mle kwenye kanda akasema, "Tabu, umeingia mapema. Turudie."

Mwanamke akacheka kwenye kanda. Na huyu wa sakafuni akacheka, kicheko kilekile, kwa wakati uleule.

Ungekuwa wewe ungemuuliza yeye ni nani? Mimi sikuthubutu. "Ngoja nikuletee maji," nilisema, lakini nilichotaka ni kutoka mle ndani tu. Niliporudi na kikombe hapakuwa na mtu. Matope yalikuwa yanang'aa sakafuni. Kanda inazunguka, kifuniko kimefungwa, na zile karatasi nilizozibia matundu ziko juu ya redio, zimekunjuliwa vizuri.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Usevya, redio mapajani. Nilipomtajia Mzee Kasomo jina la Tabu, alikaa chini. Kumbe yeye ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya ile. Ile sauti ya mwanamume ilikuwa yake, na kanda yenyewe alidhani ilishapotea zamani.

"Tabu alikuwa sauti ya pili," alisema. "Alifariki akijifungua, masika, siku chache tu baada ya kurekodi. Mtoto akapona. Yuko hapo ng'ambo ya barabara."

Akamwita. Pendo, mwanamke mzima sasa, akaja na mtoto wake mgongoni. Picha ya mama yake hakuwahi kuiona, maana haikuwahi kupigwa. Tukacheza kanda. Kilipofika kile kicheko alijiziba mdomo.

"Mbona anacheka kama mimi?"

"Wewe ndiye unacheka kama yeye," Mzee Kasomo alisema, akageuka ukutani.

Pendo alirekodi yote kwenye simu yake. Mimi, na tabia yangu ya kukusanya, nikanyoosha mkono nirudishiwe kanda. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, simu yangu haikuwepo siku ile. Hii ilikuwepo."

Nilirudi Mpanda bila kanda, na bila redio vilevile. Angeichezea kwenye nini?

Nimepata redio nyingine. Lakini sijarekodi tena juu ya kanda yoyote, na mlango siupi mgongo nikishona. Kila kanda naisikiliza mpaka mwisho, hata pale pasipo na wimbo, mtu anapokohoa au kuvuta kiti. Wateja wanalalamika nguo zinachelewa. Waache walalamike.

Na nyie wenye kanda za wazazi kwenye mabegi, mnaosema mtazitupa mkihama, tafadhali. Zisikilizeni kwanza, pande zote mbili, mpaka zikatike zenyewe. Mimi nilifuatwa mpaka mlangoni nikazuiwa. Wa kwenu huenda asiweze kuja.