Léoncie Hakusema Inauma

Kule kijijini Simbo walimwita Léoncie mwanamke wa maringo. Jamani, maringo! Warundi wenzake wakikutana hushikana mabega, hukumbatiana, hubanana huku wakiulizana habari za nyumba nzima. Yeye akiona mtu anakuja amepanua mikono, anarudi nyuma. Tangu avuke mpaka akikimbia vita, mwaka wa tisini na tatu, mwili wote ulikuwa ukimuuma: mabega, kiuno, magoti, hata kanga ikimgusa shingoni. Lakini hana kidonda wala uvimbe, sasa nani amwamini?

Verediana, dada wa marehemu mumewe, aliyempa hifadhi, alikuwa amechoka naye. "Kwenye sahani mkono hauumi, kwenye jembe ndiyo unauma," alimsema mbele ya watu. Aliposikia kuna daktari mgeni zahanati, akamwambia, "Twende. Akisema unaumwa, nitakuchotea maji mimi mwenyewe na sitakusema tena. Akisema mzima, kesho uko shambani."

Daktari, kijana wa kiume mwenye adabu, alieleza kuwa atambonyeza kwa kidole gumba, shingoni, mabegani, viwikoni, magotini, mpaka ukucha wa kidole hicho uwe mweupe, na Léoncie aseme anavyosikia. Akaanza.

"Inauma, mama?"

Iliuma! Iliuma mpaka akaona giza. Lakini Léoncie hata uzazi aliupita bila kutoa sauti, mama yake amemwinamia akimwambia "ihangane", yaani vumilia, kwa kuwa kwao mwanamke anayelia mbele ya mwanamume amejivunjia heshima. Akakaza uso, akatazama ukuta.

"Kidogo," akasema.

Kila alipobonyezwa, kidogo. Kidogo! Mdomo ule ule uliokuwa ukiomba kuaminiwa.

"Hana tatizo kubwa," daktari alimwambia Verediana mlangoni.

Na Verediana alifurahi kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alishamzika kaka yake, aliogopa kuzika tena. "Mungu ni mwema! Wifi yangu, kumbe mzima!" Akamrukia, akamkumbatia, akambana mabega kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo Léoncie alipopiga ukelele. Ulitoka wote, wa miaka yote, na watu wa kwenye foleni wakageuka. Verediana akamwachia, furaha ikamtoka usoni.

"Ahaa," akasema. "Kwa daktari kimya, kwangu mimi ndiyo unalia. Jembe lako liko nyuma ya mlango."

Asubuhi Léoncie alilichukua, akaenda.