Kilio cha Upande wa Kwanza

Kilio kilinifikia kabla sijaiona nyumba. Nilikuwa ninapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, na migomba ilikuwa bado imeficha paa. Sauti za wanawake zilikuwa zinapokezana, moja ikichoka nyingine inaichukua. Miaka ile ya vita, hapa Baraka, hakuna aliyeuliza kilio ni cha nini. Tuliuliza tu ni cha nani. Nilitua ndoo katikati ya njia, nikakimbia.

Kilitoka kwa rafiki yangu mpiga gitaa. Aliishi na mama yake, na mama yake alikuwa amekwenda Kazimia kwa mashua kununua samaki wakavu. Alipaswa kurudi jana yake. Uani niliwakuta majirani wamejaa kwenye mikeka, vitambaa vimefungwa vichwani, mafungu ya kuni yamewekwa ukutani, mabakuli ya unga wa muhogo yamepangwa kivulini. Kwetu ukisikia kilio unachukua ulichonacho, unakwenda, unakaa, unalia. Huulizi. Mkubwa wa nyumba atatoka kwa wakati wake na kueleza. Nikakaa. Nikamlia yule mama, aliyenilisha kuliko nilivyostahili.

Nililia vizuri mpaka niliposikia, kupitia dirishani, maneno yangu mwenyewe yanaimbwa.

Hapo machozi yakakatika. Mwaka mzima sisi vijana wanne tulikuwa tumetengeneza kaseti moja. Gitaa lilipigwa kwa nguvu ya betri ya gari, ngoma zilikuwa za kanisa, na mimi niliandika maneno. Kaseti hiyo haikuwa na nyimbo kumi za kuchagua. Ilikuwa kisa kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kimya katikati: baba wa rafiki yangu anapanda mashua kuvuka kwenda ng'ambo wakati wa vita vya kwanza, na haonekani tena. Upande wa kwanza ulifunguka kwa kilio cha wanawake sita tuliowaomba kutoka kwaya. Walilia kweli. Kilio hicho ndicho kilichoita majirani.

Nikaingia ndani. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando ya redio, uso unang'aa.

"Unaona?" akanong'ona. "Banalia! Tangu mwanzo banalia. Imebagusa roho."

"Banamulia mama yako."

"Mama yangu iko na nini?"

"Hata mi sijui! Weye njo uliweka kilio kwa nguvu yote, na mama haiko."

Akakaa chini polepole. Alitaka kujaribu tu kama sauti nzito ya gitaa inasikika. Akaweka sauti yote, watu wakaanza kuja, na msanii akadhani wamekuja kumsikiliza.

"Tuzime," nikasema.

"Tukizima, batauliza."

Upande wa kwanza ukaisha. Akaitazama kaseti, akanitazama mimi, akaigeuza.

Sijapata tena wasikilizaji kama wale. Nimechapisha vitabu tangu siku hiyo, na watu husinzia nikivisoma. Lakini mtu haondoki msibani kabla ya kupewa habari, kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Walisikiliza kila kitu, hata pale gitaa linapopiga peke yake muda mrefu kama ziwa lisilo na ukingo, sehemu ambayo mimi nilitaka tuipunguze.

Lakini woga wangu haukuwa wa majirani. Kaseti ilikuwa moja tu, na mama mwenyewe hakuwa ameisikia. Tulikuwa tumekubaliana kwamba yeye ndiye wa kwanza, na akisema hapana tutaifuta. Kwa sababu mumewe hakuonekana, hakukuwa na kaburi, na kwa sababu hakukuwa na kaburi, mama alikataza matanga. Hakuna aliyewahi kulia kwa ajili ya mtu yule katika nyumba ile. Sasa uwanja mzima ulikuwa unalia, na mashua ya mumewe ilikuwa inazama kupitia dirisha lake.

Basi akatokea. Alikuja na kapu la samaki kichwani, miguu ina mchanga, akasimama penye ua.

"Nani alikufa?"

Mwanamke mmoja alipiga yowe akarudi nyuma na mkeka. Mwingine, jirani wa karibu, akashika kiuno.

"Ni weye njo ulikufa! Na mi nilikulia sauti yote imeisha!"

"Mi? Dereva alilala Kazimia na injini yake mbovu, sasa munanizika?" Akashusha kapu. "Na munanizika na unga kidogo hivi?"

Kicheko kikapasuka kama mvua. Watu walimshika mikono, walimshika mabega, walimpapasa kama nguo mpya. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu tuliyemlia alikuwa anatupigia kelele, na hakuna kitu kizuri zaidi ya hicho.

Kisha akaisikia sauti ya mwanawe ikiimba jina la utani alilokuwa akiitwa mumewe tu. Kicheko chake kikaisha. Hakuingia. Alikaa juu ya fungu la kuni, akaweka kiganja shavuni, akasikiliza mpaka mwisho. Majirani nao wakakaa tena.

Kaseti iliponyamaza, watu waliogopa kimya, wakakijaza kwa maoni. Mzee wa kwaya alianza.

"Hii haiko kwaya. Haiko rumba. Njo nini?"

"Ni roki, papa," rafiki yangu akajibu.

"Roki! Shetani atacheza wapi? Hata mapigo ya kucheza haina." Akafikiri. "Lakini kilio kiko kizuri. Kilio kiko cha kwetu."

Mvuvi wa Ubwari, aliyekuja kuuza samaki akajikuta msibani, alisema tumekosea mawimbi. Mawimbi ya katikati ya ziwa hayapigi haraka namna ile, yanainua mtu taratibu. Mwenye kibanda cha kurekodi kaseti sokoni alitikisa kichwa. "Mutu anakuja, anataka wimbo moja ya harusi. Hapa nitakata wapi? Yote imeshikana kama mugongo wa samaki. Haitauzika."

Rafiki yangu hakuwasikia. Alikuwa anamwangalia mama yake.

"Mama," akasema, "ukikataa, tutafuta sasa hivi."

Mama alitazama kuni alizokuwa amekalia. Kisha akainuka, akapigapiga vumbi nyuma ya kitenge.

"Kuni za matanga zinarudi kwa mwenyewe?"

"Hazirudi," wanawake wakajibu.

"Na unga?"

"Haurudi."

"Basi pikeni. Leo ni matanga ya papa wa huyu mutoto. Mulikuwa munamulia yeye, munafikiri ni mi."

Tulipika wakati jua bado liko juu ya milima. Tulikula samaki wa Kazimia, na watu walimtaja marehemu bila kushusha sauti: namna alivyocheza karata kwa hila, namna alivyoimba vibaya kanisani. Mama alimsahihisha kila mtu. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa amejiegemeza hivyo, kama aliyevua kiatu kinachobana.

Alipomaliza kula aliiomba kaseti. Akaipanguza kwa kitenge, akampa yule mwenye kibanda.

"Urekodi zingine. Ipeleke Kazimia, ipeleke Ubwari, hata Kilembwe. Batu basikie."

"Mama, nilisema haitauzika."

"Na mi nilisema basikie."

Mwenye kibanda aliitia mfukoni mwa shati, akaagana na kila mtu, akapita sebuleni kwenda barabarani. Mama akamfuata mpaka kizingitini, kama anayemsindikiza mumewe kaburini, akangoja apite, kisha akafunga mlango.