Mkanda Shingoni mwa Kipara

Nina miaka arobaini na minane na bado naitwa dada. Mama mwenye nyumba, ambaye ningeweza kumzaa, aliniita dada. Mumewe aliniita dada. Na mtoto wao alipoanza kusema, naye akaniita Dada, akidhani ndilo jina langu. Sikumsahihisha. Ningemwambia aniite nani?

Tangu utotoni kazi yangu ni kubeba watoto wa watu. Nilitolewa shule darasa la pili ili nimbebe mdogo wangu mgongoni, mama aende kibaruani. Huyo mdogo wangu alisoma, leo ana ofisi yenye kiyoyozi, na simu yangu haimkuti hata siku moja. Niliolewa, sikujaaliwa mtoto, nikarudishwa kwetu kama sufuria iliyotoboka. Herufi nilizijua ukubwani, kwa kuchungulia madaftari ya watoto niliowalea.

Kipara nilimpokea mlangoni akiwa na siku nne, kichwa kinang'aa kama kijiko. Jina nilimpa mimi. Nywele zilikuja kuota, jina likabaki.

Kila asubuhi baba yake alitupeleka kwa gari mpaka chekechea, mimi na Kipara nyuma. Nilimwingiza darasani, kisha narudi kwa miguu kufua. Kiti chake kilikuwa cha kweli kweli, chenye mikanda mitano inayokutana kifuani kwa kifungo chekundu: miwili mabegani, miwili nyongani, mmoja katikati ya miguu. Kitabu cha maelezo ya kiti kiliandikwa lugha tatu na zote za wageni, lakini picha hazina lugha. Nilikiweka jikoni nyuma ya kopo la chumvi. Mtoto aliyepitiwa na mkanda shingoni alichorwa alama ya kosa. Na picha ya mwisho ilionyesha siku ya kukiaga kiti: mabega yamevuka tundu la juu kabisa la mikanda.

Basi kila mwezi ukiandama, nilimpima. Nilikuwa na uzi mweusi wa kushonea viatu. Naushika kwenye kikalio cha kiti, naupandisha mpaka begani, napiga fundo. Tundu la juu nililiwekea fundo la uzi mwekundu. Alipotimiza miaka mitatu na miezi miwili, kati ya fundo lake na lile jekundu palibaki vidole vinne.

Ndipo akazaliwa mdogo wake. Kile kiti ni cha kugeuzwa, kinabeba hata kichanga. Siku moja baba akarudi na kiti kingine, kifupi, hakina mgongo wala mikanda yake, cha kumwinua tu mtoto avae mkanda wa gari kama mtu mzima. Boksi aliliacha dukani.

"Kipara sasa mwanaume," akasema. "Kiti chake anakirithi mdogo wake."

"Baba, bado hajafika," nikasema. "Amebakiza vidole vinne."

"Vidole vinne vya nini?"

Nikamletea uzi. Akauinua kwa ncha za vidole kama mkia wa panya. "Mama Kipara! Njoo uone, dada amefungua maabara jikoni!"

Mama akaja na kichanga begani, akacheka mpaka akakaa. "Dada, mambo ya uzi ni ya fundi cherehani. Muuza duka kasema akifika kilo kumi na tano anakiweza. Tunampima, tunamaliza."

Kipara alikuwa ndiyo kwanza ametoka chekechea. Alikuwa na buti za mvua, koti, na lile lori lake la chuma ambalo hata bafuni haliachi. Wakampandisha kwenye mizani vilevile.

"Mvueni buti kwanza," nikasema.

"Kwani kwenye gari atapanda pekupeku?" baba akanijibu. Mshale ukagusa. "Kumi na tano na chenji!"

Mtoto akarukaruka. "Mimi mkubwa! Dada, mimi mkubwa!"

"Mkubwa ni yule anayekaa wima mpaka tufike," nikasema, na nilikuwa nawaambia wao. "Huyu akisinzia huanguka kama nguo kutoka kambani. Kile kiti kinamshika. Hiki kitamshika na nini?"

Mama akaacha kucheka. "Dada. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

 Neno hilo ukimwambia mwanamke kama mimi, huhitaji tena kumpiga kofi. Nikaurudisha uzi nyuma ya kopo la chumvi. Laiti ningebishana. Laiti ningelala mbele ya tairi.

Siku ya kwanza tu, mkanda ulimpita shingoni. Bega lake halikufika pale mkanda unapopita. Nikauvuta chini, ukapanda. Nikauvuta, ukapanda. Jioni alikuwa na mstari mwekundu chini ya sikio. Nikamwonyesha mama.

"Atazoea," akasema. "Viatu vipya navyo si huchubua?"

Siku ya nne Kipara alianza kulia hata kabla hatujatoka getini. "Unaniuma! Dada, utoe!" Baba yake alikuwa amechelewa. Akapiga usukani kwa kiganja. "Dada, mnyamazishe huyo bwana, nitagonga mtu."

Nikaikumbuka ile picha. Mkanda shingoni, kosa. Hayo ndiyo niliyoyajua, na kile kiti kipya hakikunijia na kitabu kingine cha kunifunza zaidi. Nikaushika mkanda nikaupitisha nyuma ya mgongo wake, ukabaki wa tumboni peke yake. Akatulia papo hapo. Akaliendesha lori lake juu ya paja langu.

Baba akanitazama kwenye kioo. "Enhe! Ahsante, dada. Unaona? Kila kitu akili tu."

Siku tatu tulikwenda hivyo.

Siku iliyofuata mama naye alikuwemo garini, kiti cha mbele, anakipeleka kichanga kliniki. Kipara alikuwa amesinzia, ameteleza kwenye kile kiti kifupi, kidevu kifuani, na mkanda umempanda tumboni. Nilikuwa ninanyoosha mkono nimkalishe vizuri. Lori la saruji likarudi nyuma kutoka ghalani bila kuangalia. Baba akafunga breki. Wala hatukuwa mwendo mkali. Kichanga, kwenye kile kiti cha mikanda mitano, hakikuamka. Kipara alijikunja kama kisu cha mfukoni. Uso ukagonga kiti cha mama yake.

Meno mawili yalitoka. Nikafikiri ni meno tu, nikayaokota nikayafunga kwenye kitambaa. Lakini tumbo lilikuwa linakazana, na hakulia. Kipara, mlizi kuliko wote, hakulia.

Walimpasua. Utumbo ulikuwa umechanika pale mkanda ulipobana. Daktari aliona alama ya mkanda tumboni tu, begani hakuna, na alipotoka aliuliza swali moja: "Nani aliupitisha mkanda nyuma ya mgongo?"

Baba akanitazama, safari hii bila kioo. "Dada," akasema.

"Baba, si uliniona? Si ulinishukuru?"

"Mimi nilikuwa naendesha gari."

Hakuna aliyeuliza nani alimtoa kwenye kiti chake. Muuguzi aliyempima mtoto akiwa hana nguo alitaja uzito wake mbele yetu, kumi na tatu unusu, na mama akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Mkono ni wangu, sikatai. Mchana kutwa nauangalia ukifua, nauona ukivuta ule mkanda. Lakini mnyonge hata akikosa na wenzake, kosa hupelekwa kwake zima zima. Begi langu nililikuta getini. "Tulikuamini, dada," mama alisema, akafunga. Kumuaga Kipara wodini sikuruhusiwa. Meno yake ninayo mpaka leo. Hakuna aliyeniuliza yako wapi.

Sasa nafua nyumba ya nne kutoka kwao, maana sijui kazi nyingine wala mtaa mwingine. Mwezi wa tatu tangu siku ile, nilikuwa naanika mashuka, gari lao likasimama mbele ya geti kupisha lingine. Nyuma palikuwa na viti viwili, vyote vya mikanda mitano. Kumbe viti viwili viliwezekana. Kipara alikuwa kwenye kile chake. Amekonda, mabega yameshuka. Kutoka begani mpaka tundu la juu, kwa jicho langu, vidole vitano.

Nikapunga shuka. Kioo kilikuwa kimefungwa. Nikamwona anafumbua mdomo, na lile pengo, na nikaijua sauti bila kuisikia: "Dada!" Nikaacha shuka lianguke kwenye matope, nikakimbilia geti.

Alikuwa amegeukia upande wa pili. Kando yake alikaa msichana mgeni, mwembamba, kitambaa kipya kichwani, naye, kama aliyeitwa, akainama kumsikiliza.