Valvu sabini na moja, kichwa kimoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Anatoli Lugembe amepiga magoti kando ya barabara ya vumbi katika mji mdogo wa Isagabuye, kilomita chache kutoka mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Mkono wa kushoto ameukandamiza kwenye kinena. Kwa mkono wa kulia anafukua mchanga chini ya meza ya muuza maandazi.

"Mwangaluka, mayu. Nisogezee meza kidogo," anamsalimu mwenye meza kwa Kisukuma.

"Baba Salome, kila Jumatatu lazima unihamishe? Kwani leo zamu yetu au ya Mlimani?"

"Yenu. Lakini ukininyima nafasi, nawapa Mlimani."

Mwanamke anacheka na kuvuta meza. Chini ya mchanga kuna mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko kuna valvu. Anatoli anachomeka ufunguo wenye urefu wa mita moja na nusu. Anauzungusha mara kumi na tisa, akipumzika mara mbili. Baada ya dakika chache, maji yanasikika yakigonga ndoo tupu nyumba ya tatu.

Anatoli, mwenye umri wa miaka 54, ni fundi bomba wa ofisi ya maji ya mji huo. Maji hayatoshi, hivyo hutolewa kwa mgao, na mgao hutegemea valvu sabini na moja zilizofukiwa mitaani. Ramani ya valvu hizo ilipotea ofisi ilipohamishwa miaka kumi na miwili iliyopita. Hakuna aliyeagiza nyingine ichorwe. Mafundi waliolaza mabomba wamestaafu au wamefariki. Anayezikumbuka zote amebaki yeye.

Mtu huyo, ambaye bila yeye watu elfu kumi na nne hawapati maji, ni kibarua. Hulipwa shilingi 8,000 kwa siku aliyofanya kazi. Kwa miaka kumi na saba hajawahi kuwa na mkataba, likizo wala bima ya afya.

Miaka minne iliyopita daktari alimwambia ana ngiri na kwamba anahitaji upasuaji. Amepangiwa tarehe mara tatu. Mara zote tatu hakwenda. Mara ya kwanza ilifungwa pampu mpya. Mara ya pili alikuja mgeni rasmi. Mara ya tatu kilikuwa kiangazi.

"Kila nikiomba ruhusa, meneja ananiambia, 'Mzee, ukiondoka mji unakauka,'" anasema. "Ananisifu mbele za watu. Sifa hiyo ndiyo inayoniua."

Machi mwaka huu mwili ulikataa. Anatoli alianguka kazini na kulazwa kwenye zahanati kwa siku mbili. Meneja wa ofisi, Donatus Shija, alimtuma fundi mwingine, Magesa, akafunge valvu ya Sokoni.

Magesa anaijua kazi yake. Alizungusha ufunguo kulia, kama valvu zinavyofungwa. Hakujua kwamba valvu kumi na moja za mji huo, zilizonunuliwa kwa mzabuni mwingine, hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Hakuna karatasi iliyosema hivyo. Alidhani anafunga, kumbe anafungua. Maji yakazidi nguvu, bomba kuu la Sokoni likapasuka.

Zahanati hiyohiyo alimolazwa Anatoli ilikaa siku tatu bila maji. Wajawazito waliokwenda kujifungua waliambiwa waje na ndoo zao. Kutoka kitandani, Anatoli aliwaona wakiingia nazo.

Aliporudi kazini alikabidhiwa barua. Ilimwonya kwa kosa la kuacha kituo cha kazi bila kukabidhi majukumu.

"Miaka kumi na saba naomba barua ya ajira, sijapewa," anasema. "Barua ya kwanza kupata kutoka ofisi ile ni ya onyo. Na majukumu yenyewe ningeyakabidhi kwa nani? Yameandikwa wapi?"

Swali hilo lilipaswa kujibiwa na ofisi. Lilijibiwa na kibarua. Wiki iliyofuata Anatoli alinunua daftari kubwa kwa fedha zake na kumwomba msaada Vumilia, msoma mita wa ofisi hiyo, ambaye ana mwandiko mzuri. Kwa wiki saba, kila baada ya kazi, walitembea mtaa kwa mtaa.

Kazi hiyo karibu iharibike mwanzoni. Anatoli alitaja valvu kama anavyozikumbuka: iko chini ya banda la chipsi, iko mlangoni kwa fundi Gregory, iko alipokuwa anakaa yule mnunuzi wa dhahabu. Vumilia aliandika kurasa sita, kisha akaweka kalamu chini.

"Baba Salome, huyo mnunuzi amehama tangu sijaolewa," alimwambia. "Akija mgeni, amtafute nani? Tuanze na kitu kisichohama."

Kurasa sita zilichanwa. Wakaanza upya, safari hii wakipima kwa futi kutoka kona ya kanisa, kisima cha shule na nguzo za umeme zenye namba. Kwa kila valvu waliandika mahali ilipo, upande wa kufungia, idadi ya mizunguko na mitaa inayopata maji. Zile kumi na moja waliziandika kwa wino mwekundu.

Wenzake hawakufurahi. Magesa alimtania mbele ya mafundi wote.

"Mzee, unajichimbia kaburi. Ukimaliza kuandika, daftari watampa kijana, wewe watakupa mkono wa kwaheri."

"Nisipoandika, ngiri itanipa mkono huo kabla yao," Anatoli alimjibu. "Na wewe ulivyotupasulia bomba, unaogopa nini kusoma?"

Juni, Anatoli alilipeleka daftari kwa meneja. Shija alimshukuru, akalifungia kwenye kabati la ofisi yake. Ufunguo anao yeye peke yake.

Akiulizwa sababu, meneja huyo anasema: "Yale ni maelezo nyeti. Yakizagaa, kila mtu atajifungulia maji." Je, yeye amelisoma? "Bado. Ratiba imebana." Na mkataba wa Anatoli? "Suala hilo lipo kwenye mchakato."

Ni majibu ya kuudhi. Ofisi iliyopoteza ramani yake, ikamwonya mgonjwa kwa kuugua, sasa imepewa ramani bure na kuificha kwa mafundi wanaoihitaji.

Vumilia hakushangaa. Kabla daftari halijapelekwa, alikuwa amenakili kurasa zote. Nakala hiyo anayo Magesa.

Ijumaa iliyopita, akiwa na nakala hiyo mkononi, Magesa aliendesha mgao wa siku nzima peke yake. Anatoli alibaki nyumbani na mkewe, Theopista, akiangalia simu kila mara. Iliita saa nane mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limepasuka wapi?"

"Halijapasuka. Hii ya namba thelathini na nane umeandika mizunguko ishirini na mbili. Mimi nimehesabu ishirini na tatu."

"Andika hiyo yako," Anatoli alimwambia.

Theopista anasema siku hiyo mumewe alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Tarehe ya nne ya upasuaji ni Jumanne ijayo, mjini Shinyanga. Gharama wamechangiwa na jumuiya yao ya kanisa. Daktari amemkataza kunyanyua vitu vizito kwa miezi mitatu. Anatoli anataka kurudi, lakini kwa mkataba wenye jina lake, na kazi ya kuwafundisha mafundi wengine. Asipoupata, anasema, bado ana haki moja ambayo hajawahi kuitumia.

"Na mimi nina mita nyumbani, kila mwezi nalipa bili," anasema. "Maji yasipotoka, nitakwenda pale dirishani, nipange foleni kama wateja wengine, niwaulize kuna tatizo gani."