Kamba Niliyojifunga Kiunoni

Jamani, anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Aibu hii nimeibeba tangu nikiwa msichana mpaka leo nina wajukuu, na bado nikipita barabara ya Masumbwe kwa basi najifanya nasinzia, nisije nikaonwa na mtu wa kijiji kile akanikumbuka.

Ilikuwa miaka ile watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Mimi nilikuwa msaidizi wa ofisi ya mifugo pale Kahama, kazi yangu kusimamia josho la kuogeshea ng'ombe na kunuka dawa ya kupe kutwa nzima. Sasa watu walihama na ng'ombe, mbuzi, kuku, wengine hata milango waling'oa, lakini mbwa wengi wakabaki kwenye mahame wakilinda nyumba zisizo na watu. Njaa ilipowazidi wakaanza kuzurura makundi makundi, wakala mbuzi wa watu, na mtoto mmoja aliumwa na mbwa mwenye kichaa akafa, maskini, kwa mateso ambayo waliomwona hawakupenda kuyasimulia. Basi ikatoka amri: mbwa asiye na mwenyewe apigwe risasi.

Bwana Mifugo, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa mtu wa maneno machache lakini ana huruma, akakubali tuwakusanye wale waliokuwa wazima, tuwachanje, tuwaweke kwenye zizi kuukuu nyuma ya josho mpaka wapate wenyewe. Tukangoja. Hakuna aliyekuja kuwatazama hata mmoja. Ndipo nikasema, kama watu hawaji kwa mbwa, basi mbwa waende kwa watu. Kila nikipata nafasi namfunga mmoja kamba, tunatembea naye mwendo mrefu, porini na mashambani mpaka vijijini, na mfugaji akimwona mbwa anapita kando ya ng'ombe kwa adabu anauliza, "Huyo wa nani?" nami namjibu, "Wako, ukimtaka." (Baba yangu, ambaye alikuwa na duka mjini na ni mtu wa msikitini, hakutaka hata kusikia habari hizo. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba binti yake anafanya kazi ya ng'ombe, basi.)

Mbwa wakapata kwao, mmoja mmoja, mpaka akabaki Tulia. Dume la rangi ya majivu, sikio moja limekatika, na jina nilimpa mimi kwa kuwa hakuwa anatulia hata akilala. Chanjo ilituishia kabla ya zamu yake, na mgambo walikuwa waje kesho yake kumaliza kazi kwa bunduki. Bwana Mifugo alikuwa na shughuli mjini siku hiyo. Nikamchukua Tulia asubuhi, nikaazimia kutorudi naye.

Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilijaa tope na madimbwi, nikavua viatu (vipya, nilivaa vya nini, sijui, nadhani nilitaka nionekane mtu wa ofisi), mkono mmoja viatu, mkono mwingine nimeshika pindo la kanga lisichafuke, na kamba je? Nikajifunga kiunoni. Nikakaza fundo barabara, nikajiona nina akili kuliko wote. Kwenye dimbwi moja Tulia akaingiza mdomo majanini, akanusanusa, akashtuka, akakohoa kidogo. Nikamwambia twende bwana, tunachelewa, sikuangalia hata kidogo alichokuwa anakichezea.

Tulipokaribia kijiji nikaona watu wengi wamekaa mbele ya ghala la pamba, Mwenyekiti amesimama anawahutubia habari za palizi. Mtu mwenye busara angezunguka nyuma. Mimi nikasema moyoni, loo, kijiji kizima kimekaa mahali pamoja, bahati iliyoje, nitampitisha taratibu wamwone. Tulia naye akaona mbuzi upande wa pili wa mkutano, akatoka kama jiwe la kombeo, na mimi nyuma yake nimefungwa, viatu vimeruka, natua katikati ya watu huku napiga kelele, "Tulia! Tulia!"

Mwenyekiti akakatiza hotuba yake. Akaniuliza, "Unaniambia mimi nitulie?"

Kabla sijajibu mama mmoja akapiga ukelele. Nikamtazama mbwa wangu. Mapovu yalikuwa yanamtoka mdomoni, meupe, yanadondoka kifuani, macho yamemtoka, kichwa anakitikisatikisa kama mtu aliyeingiwa na nyuki. Mtu akasema, "Kichaa!" na mkutano ukapasuka. Watu waliruka vigoda, waliruka wenzao, Mwenyekiti nilimwona juu ya meza. Uwanja mzima tukabaki mimi na Tulia, na mbele yetu mgambo mmoja amepiga goti, bunduki begani.

"Dada, sogea!" akasema.

"Siwezi, nimefungwa naye!"

"Jifungue!"

Nikashika fundo. Kamba ilikuwa imelowa, na ule mvuto wote ulikuwa umeikaza mpaka kucha haziingii. Tulia anazunguka, kila akizunguka ananizungusha, nami sasa niko mbele ya mtutu, sasa yeye yuko mbele, sasa mimi tena. Yule mgambo jasho linamtiririka, namwona kidole kinavyocheza. Nikapiga magoti nikamkumbatia mbwa, si kwa ushujaa, jamani, msinipe sifa, ni miguu ilikataa. Na Tulia akanilamba mkono, mapovu yote yale, juu ya mchubuko nilioupata nilipoanguka.

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Mgambo akashusha bunduki taratibu, akasema kwa huzuni, "Basi. Amekwisha huyu."

Hakuna aliyethubutu kunigusa. Walitusukuma kwa miti mirefu, kama wanaosukuma moto, mpaka ndani ya ghala, mlango ukafungwa kwa nje, na kijana wa baiskeli akatumwa Kahama kumleta Bwana Mifugo.

Mle ndani nilikaa juu ya marobota ya pamba na sikucheka. Nilimkumbuka yule mtoto aliyekufa. Nikautazama mchubuko, nikaufuta kwa kanga, nikaufuta tena, na Tulia amelala kwenye kona akihema, na sikujua nimwonee huruma au nimwogope. Nikaamua kwanza nijitenge naye. Kucha zikashindwa, nikainama nikalishika lile fundo kwa meno.

"Anang'ata kamba!" sauti ikatoka kwenye upenyo wa mbao. Kumbe walikuwa wamejipanga nje, macho tupu, kila upenyo na jicho lake. Nikawapigia kelele waondoke, mimi ni mzima, na koo lilikuwa limenikauka kwa vilio, sauti ikatoka kama ya kubweka. Nikasikia miguu inarudi nyuma.

Lakini fundo lilifunguka. Na mama mmoja mfugaji, mjane, Mama Kabula, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Wape maji. Mwenye kichaa anaogopa maji, si ndiyo mnavyosema? Tuone." Akafungua mlango kidogo, akasukuma sufuria ndani kwa fimbo, akafunga.

Tulia akaamka. Akaenda kwenye sufuria, akanywa. Akanywa vizuri, kwa utulivu nisiopata kumwona nao, mapovu yakaoshwa yakaisha. Moyo wangu! Nilitaka kucheza ngoma. Nikalirukia sufuria na mimi, nikagugumia kwa pupa na furaha, na maji yakapita njia isiyo yake. Nikapaliwa. Nikakohoa, nikarudisha maji puani, nikatupa sufuria, nikajikunja chini nikishika koo, machozi yananitoka.

Nje Mwenyekiti akatamka hukumu.

"Mbwa ni mzima. Dada ndiye ana kichaa."

"Sina! Nimepaliwa!" nikasema, lakini kila nikisema nakohoa, na kila nikikohoa wanarudi nyuma.

"Mtoeni mbwa," akasema Mwenyekiti. "Dada abaki."

Wakamwita Tulia kwa kumpigia mluzi, akatoka mbio anatikisa mkia, mlango ukafungwa mbele ya pua yangu. Nikaweka jicho kwenye upenyo. Nikawaona wanampapasa. Wanampa mfupa. Mama Kabula akamkagua meno, akampitisha karibu na ndama wake, mbwa wangu (ambaye hajatulia siku moja!) akakaa chini kama mzee wa baraza. "Huyu mpole," akasema yule mama, "amekaa na mgonjwa na hakumkimbia. Nitakwenda naye nyumbani." Nikagonga mlango nikimwambia, "Mchukue, mayu, mama yangu, mchukue, ni wako!" naye akaitikia kwa sauti ya kubembelezea wagonjwa, "Haya ng'wana, haya mwanangu, pumzika."

Landrova ya ofisi ilifika jua limeinama. Kijana wa baiskeli alikuwa amepitia dukani kwa baba na kutangaza kwamba binti yake anabweka. Baba akashuka kabla gari halijasimama vizuri, kofia mkononi, akaja mpaka mlangoni watu wakimzuia.

"Mwanangu, unanifahamu?"

"Nakufahamu, baba. Shikamoo."

Nikasikia analia, baba yangu, mbele ya watu wote wale, akasema, "Fungueni mlango. Mkiogopa ondokeni, mimi naingia."

Akaingia, akanishika kichwa, jasho, mapovu na yote, hakuuliza nimegusa nini. Bwana Mifugo alikuja nyuma yake, akanihoji mbwa alipita wapi, nikamtajia dimbwi na majani, akauma midomo. "Chura," akasema. "Mbwa aking'ata chura lazima atoe mapovu. Yanakwisha yenyewe." Akatoka kuwaeleza watu. Walimsikiliza, wakamwitikia kwa heshima, na wakaniachia njia pana sana nilipopita kwenda garini.

Hata hivyo nilipelekwa hospitali nikachomwa sindano zile za tumboni za kichaa cha mbwa, zote, kwa tahadhari, maana mbwa hakuwa amechanjwa. Sitaki kuzizungumzia.

Mama Kabula alikuja joshoni baada ya siku chache na ng'ombe wake, Tulia akitembea kando, mnene, mwenye kwao. Wafugaji waliokuwa kwenye foleni wakampisha mbwa apite, kisha wakanitazama mimi, wakasogea nyuma kidogo. Nikaapa siku ile, na kiapo nimekishika mpaka leo: nikiona watu wamekusanyika, hata kama nina habari njema kiasi gani ya kuwapelekea, nazunguka nyuma.